Kosa la Bwana na Kosa la Mtoto

Aghalabu tukitaja wahamiaji wa Kizungu walioingia nchi iliyokuwa ikijaa viwanda, mawazo hukimbilia Marekani. Kati ya mwaka 1892 na 1954, mamilioni walipitia kisiwa cha Ellis, New York. Mtaliano au Mpolandi aliyefika pale alilazimika kujifunza lugha ya msimamizi wa kiwanda. Akikosea, alichekwa, na mwanawe shuleni akachekwa zaidi.

Mzungu aliyehamia Nairobi alikuwa mhamiaji wa namna nyingine. Reli ilifika kwenye kinamasi hiki mwaka 1899, karakana zikajengwa, na mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi askari wa Vita Vikuu ukaongeza walowezi. Nao walihitaji lugha. Wakajiundia Kisetla: “mtu mbili”, “mimi hapana taka”, upatanisho wa ngeli ulitupwa, amri zikabaki. Mwaka 1936 F. H. Le Breton aliwachapishia kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, ilhali tangu 1930 Kamati ya Lugha ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Utawala mmoja, Viswahili viwili!

Nani angethubutu kumcheka mlowezi? Mpishi na boi ndio waliojifunza kumwelewa, kisha wao ndio wakaambiwa kuwa watu wa bara hawajui Kiswahili.

Haya hunijia kila nipitapo Ayany jioni, wanafunzi wakirejea nyumbani. Mtaa huu umo Kibera, ambako askari Wanubi walipewa makao mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe latokana na neno lao lenye maana ya msitu. Mtoto wa hapa huenda akazungumza Kinubi, Kiluo au Kiluhya nyumbani, Sheng njiani, Kiswahili sanifu katika kipindi kimoja na Kiingereza katika vingine vyote. Akisema “kitabu yangu”, huitwa mvivu.

Mwalimu asahihishe, hilo silipingi, nami husahihisha kila siku. Lakini ngeli hupunguzwa popote watu wa lugha mbalimbali wanapokutana kutafuta riziki, na mwenye lugha nne kinywani si mvivu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huomba kujieleza kwa Kiingereza, kwa kuziogopa ngeli tu. Mmoja wao, mzaliwa wa Kibera, aliniambia kwamba tangu darasa la sita hakuwahi tena kuinua mkono katika kipindi cha Kiswahili.