Wadudu wa magome si adui wa mti, lakini wakijaa ghalani shtuka

MVUA zinapokolea Ufipa, magome ya miti hufunikwa na ukungu na ukoga wa kijani. Mkulima akichungulia kwa makini huona wadudu wadogo wa kahawia au kijivu wakikimbia kwa makundi. Wapo wanaodhani ni mchwa, wakakimbilia dawa. Hiyo ni gharama ya bure.

Wadudu hao, ambao wataalamu huwaita psokoptera, ni ndugu wa chawa, ingawa hawanyonyi damu. Hawatoboi mti wala kufyonza utomvu wake. Chakula chao ni ukungu, ukoga na masalia ya mimea, hivyo husafisha gome. Wao nao huliwa na buibui na ndege wadogo. Anayepulizia dawa huua pia buibui wanaomsaidia kupunguza wadudu waharibifu.

Ghalani mambo ni tofauti. Huko wapo ndugu zao wadogo zaidi, wenye urefu wa milimita 1 hivi, wengi wasio na mabawa. Hawa hutegemea unyevu wa hewa; penye ukavu hunyauka na kufa. Wakijaa kwenye magunia, ni dalili kwamba mahindi hayakukauka au ghala linavuja.

Dalili hiyo si ya kupuuza. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mzigo mbichi hukataliwa na wanunuzi. Tena penye unyevu huota kuvu wanaotoa sumu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funga kisha tikisa. Acha kwa robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15; rudisha mahindi juani. Isiponata, yanafaa kuhifadhiwa, lakini kabla ya kuuza yapimwe kwa kipimo.

Anika juu ya turubai, si ardhini. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na uzibe bati linalovuja. Ghala likikauka, wadudu hao hutoweka wenyewe. Walioko kwenye gome waachwe na kazi yao.