Macho ya Pili ya Gombe (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha mtafiti Jane Goodall katika msitu wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, akiwa amemwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa ujani. Habari ilifika Ulaya na Marekani, ila wapo wataalamu waliosita: shahidi mmoja, binti asiye na shahada, tena hana picha ya kuonyesha. Louis Leakey, aliyemtuma Gombe, kule Nairobi akaona yanahitajika macho ya pili.

Macho hayo yalikuwa ya Hugo van Lawick, Mholanzi mzaliwa wa Surabaya, Indonesia, aliyekwisha kujifunza kupiga filamu za wanyama Kenya kwa Armand na Michaela Denis. Alifika Gombe mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 25, kwa gharama ya National Geographic ya Marekani.

Aliyepanda boti Kibirizi, Kigoma, kwenda kaskazini anaijua pwani ile: milima inaanzia majini, hakuna tambarare. Kamera ya filamu ya milimita 16 na miguu yake mitatu vilipandishwa miteremko hiyo mabegani, kisha kungoja kukaanza. Mnyama mweusi, kivuli cha msitu, mwanga haba. Mpiga picha yeyote, hata wa harusi pale Mwanga mjini Kigoma, ataelewa adha hiyo.

Filamu yake ilionyeshwa kwenye televisheni Marekani mwaka 1965, Orson Welles akiisimulia. Mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Sidai kuwa kamera peke yake ilileta hilo, lakini iliwafanya watu wa mbali wawajue sokwe wa Kigoma kwa sura na kwa majina. Van Lawick na Goodall walioana 1964, wakaachana 1974. Van Lawick alihamia Ndutu, Serengeti, akafariki Dar es Salaam mwaka 2002. Kutokana na zaidi ya saa 100 za mikanda yake, Brett Morgen alitengeneza filamu ya Jane, 2017.

Kuna jambo moja ambalo wasifu wa Van Lawick hulipita haraka. Sokwe David Greybeard alianza kuja kambini kufuata chikichi, akakuta na ndizi. Ndizi zikawavuta wengine, kamera ikapata picha za karibu, na hatimaye kikawapo kituo cha kulishia. Hapo ugomvi kati ya sokwe ukazidi, na wakosoaji wakauliza kama kilichopigwa picha kilikuwa bado ni maisha ya msituni. Mimi naona swali lao lilikuwa la haki. Juma lijalo tutaona Gombe ilivyolijibu.