"Kiwango cha Huduma" kwa Nani? Istilahi na Upunguzaji wa Athari za Majengo Mapya kwenye Makutano ya Barabara

Katika ripoti za tathmini ya athari za usafiri, zinazoandaliwa kabla ya jengo kubwa kuidhinishwa mjini, imo istilahi moja yenye uzito kuliko inavyoonekana: kiwango cha huduma. Makala hii inafafanua maana yake ya kihandisi na jinsi inavyoelekeza hatua za kupunguza athari kwenye makutano ya barabara, kisha inahoji iwapo tafsiri yake inamtendea haki mwananchi anayeombwa kutoa maoni.

Mhandisi hukadiria safari zitakazozalishwa na jengo katika saa yenye pilikapilika nyingi, huzigawa katika barabara zinazolizunguka, kisha hulinganisha hali ya makutano mradi ukiwapo na usipokuwapo. Matokeo hutolewa kwa herufi, A hadi F. Herufi hizo ziliingizwa mwaka 1965 katika mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara. Kwa vipimo vya sasa, makutano yenye taa hupata A iwapo wastani wa ucheleweshaji hauzidi sekunde 10 kwa kila gari, na F ukizidi sekunde 80. Mwongozo huo una pia vipimo vya watembea kwa miguu, lakini herufi inayotajwa bila maelezo kwa kawaida ni ya magari.

Hapo ndipo neno huduma linapopotosha. Kwa msemaji wa Kiswahili, huduma ni jambo linalomfikia mtu: huduma ya maji, huduma ya afya. Akisoma kwamba kiwango cha huduma kitapanda kutoka E hadi C, ataelewa kuwa nafuu itamfikia kila apitaye. Kumbe huenda nafuu hiyo imepatikana kwa kuongeza njia mbili za magari. Kila njia ikiwa na upana wa mita 3.5, na mtu akitembea mita 1.2 kwa sekunde, safari yake ya kuvuka imerefuka kwa takriban sekunde 6. Kwa mzee, au kwa mama aliyebeba mtoto, ni zaidi. Herufi imepanda naye amepunjwa.

Ubungo, jijini Dar es Salaam, panafaa kufikiriwa kwa makini. Pale hukutana barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Daraja la juu la Kijazi lilizinduliwa Februari 2021, wakati uleule kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamia Mbezi. Kwenye uwanja wa kituo cha zamani kimejengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Sichambui hapa ripoti ya mradi huo. Hoja yangu ni aina ya safari. Abiria mwenye begi amempisha mfanyabiashara mwenye marobota, na marobota husafiri kwa guta, kirikuu, bajaji, bodaboda na mabega ya wapagazi. Majedwali ya kukadiria safari yanayotumika sana duniani yametokana zaidi na takwimu za Marekani na Canada, na msingi wake ni gari dogo la mteja. Guta halimo. Nalo daraja la juu humfaa zaidi anayepita kuliko mwenye shughuli palepale.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua una maana. Kwanza ziangaliwe zile zinazopunguza au kusogeza safari: mizigo ipakuliwe usiku, maegesho yasizidishwe, lango liwe mbali na makutano ili foleni yake isimwagikie kwenye taa. Zifuate kivuko kifupi, kituo cha daladala kisichozuia mkondo, na taa inayowatanguliza waendao kwa miguu kwa sekunde chache. Njia ya ziada ya magari ije mwisho. Kila sharti lifungamanishwe na kibali cha kuanza kulitumia jengo. Sharti lisilo na tarehe wala mlipaji hubaki kwenye karatasi.

California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2020 ucheleweshaji wa magari hauhesabiwi tena kuwa athari ya kimazingira ya mradi; hupimwa jumla ya umbali ambao magari yatasafiri. Sidhani kipimo hicho kitufae kama kilivyo. Miji yetu ina umati ambao tayari hutembea, na kwao tatizo ni kuvuka salama.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya mazingira zinataka mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu ifanyike. Za Tanzania za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa Kiswahili na Kiingereza. Kwa wakazi wengi, muhtasari huo ndio ripoti nzima. Napendekeza istilahi kipimo cha ucheleweshaji wa magari. Daraja la ucheleweshaji lingevutia, ila mahali kama Ubungo neno daraja lina kazi nyingine tayari. Kando ya kipimo hicho uandikwe muda wa kuvuka kwa miguu, kabla na baada ya mradi, kwa sekunde: "Gari litasubiri sekunde 30 badala ya 60; anayevuka kwa miguu atatumia sekunde 18 badala ya 12." Mkazi akisomewa sentensi hiyo mkutanoni, atajua la kuuliza.