Je, Wajua? Deni la Ubia Hufika Hadi Nyumbani

Huko Australia, watu wawili wanaweza kuwa wabia kisheria bila kuandikiana hata karatasi moja. Wakiendesha biashara pamoja ili wapate faida, inatosha. Jimbo la New South Wales bado linatumia sheria ya ubia ya mwaka 1892. Mbia mmoja akikopa unga wa duka lao la mikate, mwenzake naye anadaiwa, hata kama hakuwa na habari. Mali ya duka isipotosha, nyumba yake mwenyewe iko hatarini. Kujitoa nako hakufuti madeni ya nyuma. Tena, wauzaji waliozoea kulikopesha duka wasipoarifiwa kwamba mbia huyo ametoka, anaweza kubebeshwa hata madeni mapya. Ukitoka, waarifu kwa maandishi siku hiyohiyo.