Mwanga Unaotibu Saratani: Ukweli Ni Upi?

Huenda umesikia kwamba mwanga hutibu saratani. Pengine jirani amekushauri uote jua kila asubuhi, au mtu amekuletea taa ya rangi akitaka uinunue. Je, ukweli ni upi?

Ni kweli kwamba iko tiba ya mwanga, lakini mwanga peke yake hautibu saratani. Tiba hii inahitaji vitu vitatu: dawa maalum, mwanga na oksijeni iliyomo mwilini. Kimoja kikikosekana, hakuna tiba.

Mwaka wa 1900, huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Oscar Raab aliripoti kwamba vijidudu vilivyotiwa rangi fulani vilikufa upesi vilipopata mwanga. Katika miaka ya 1970, Thomas Dougherty wa Buffalo, Marekani, aliendeleza ujuzi huo ukawa tiba. Dawa ya kwanza, porfimeri, iliidhinishwa Kanada mwaka wa 1993. Marekani iliikubali mwaka wa 1995, kwa wagonjwa wa saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Sasa, inafanyaje kazi? Mwili wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna mitokondria. Hizi ni kama jenereta: huchukua chakula na oksijeni, zikatoa nguvu. Lakini mitokondria zina kazi nyingine pia. Seli ikizeeka au ikiharibika, mitokondria huweza kuachilia protini inayoamrisha seli hiyo ife kwa utaratibu. Seli ya saratani ni kaidi. Huikwepa amri hiyo, ikaendelea kuzaana.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Baadhi ya dawa hizi hukaa ndani ya mitokondria au karibu nazo. Gizani dawa hutulia tu. Ikimulikwa na mwanga wa rangi inayofaa, mara nyingi mwekundu, huamka na kuigeuza oksijeni iliyo karibu kuwa kali sana. Oksijeni hiyo hutoboa mitokondria, ile protini inamwagika, na seli iliyokataa kufa sasa inakufa. Kwa kuwa ukali huo haufiki mbali, sehemu isiyomulikwa husalimika.

Mgonjwa wa umio hudungwa dawa ya porfimeri kwenye mshipa. Baada ya siku mbili hivi, daktari hupitisha mpira mwembamba mdomoni hadi penye uvimbe, akaumulika kwa mwanga wa leza. Lengo huwa ni kuifungua njia ili mgonjwa aweze kumeza tena.

Lakini sikiliza vizuri. Mwanga haupenyi zaidi ya sentimita moja hivi, kwa hivyo tiba hii haifai uvimbe mkubwa, wala saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Tena, aliyepewa porfimeri anapaswa kujikinga na jua kwa siku 30 au zaidi, la sivyo ngozi yake itaungua. Ndiyo maana kuota jua si tiba ya saratani. Kwa mgonjwa huyu ni hatari. Na taa ya dukani, bila dawa na bila daktari, itakumalizia pesa na wakati.

Wakati ndio jambo kubwa. Hapa Kenya, saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi, hasa sehemu za Bonde la Ufa kama vile Bomet. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona ugali unakwama ukimeza, kisha unaanza kupendelea uji tu, au unakonda bila sababu, usingoje. Nenda hospitali na uombe umio wako uchunguzwe. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari huwa na njia nyingi za kukusaidia: upasuaji, dawa na mionzi.

Na ukimwona mzee wako nyumbani anaacha chakula kigumu, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe.