Bunduki Nyepesi kwa Elki: Kila Gramu na Bei Yake

Anayetaka kuwinda elki katika milima ya Colorado hahitaji bunduki ya dola 3,000. Anahitaji bunduki ambayo, ikishafungwa darubini, mkanda na kujazwa risasi, haizidi kilo tatu na nusu, na ambayo haogopi kuifyatua. Sharti la kwanza hutimizwa kwa chini ya dola 900, mradi ujue pa kupunguzia uzito. La pili haliuzwi dukani, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa bunduki nyepesi hujikwaa.

Elki ni kulungu mkubwa wa Amerika. Dume lililokomaa hufika kilo 300 na kuzidi, kwa hiyo kwa umbo mweke kati ya tandala mkubwa na pofu. Msimu wa vuli hukaa mita 2,500 hadi 3,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa upesi: ni kama kuwinda kutwa nzima kati ya kibanda cha Mandara na kile cha Horombo, bila njia iliyotengenezwa na bila mpagazi. Hewa ni haba, miteremko ni mikali, na bunduki inakaa begani au mkononi tangu alfajiri. Ndiyo maana nusu kilo inazungumzwa sana huko, na ndiyo maana viwanda vimejifunza kuiuza ghali.

Uzito ulioandikwa na uzito unaobebwa

Uzito unaousoma kwenye tangazo ni wa bunduki tupu. Haujahesabu darubini, pete za kuifungia, mkanda wala risasi. Vitu hivyo vinne huongeza gramu 600 hadi zaidi ya kilo moja na robo, kutegemea ulivyovichagua. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si “Bunduki hii ina kilo ngapi?” bali “Nikitoka nayo hapa ikiwa tayari kwa kazi, itakuwa na kilo ngapi?” Maduka mengi yana mizani. Omba ipimwe.

Madaraja ya bei

Bei zifuatazo ni za kukadiria, za madukani Marekani, kabla ya kodi.

*Dola 450 hadi 650.* Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ina uzito wa takriban kilo 2.8. Kitako chake ni cha plastiki, chuma hakikung'arishwa kwa mapenzi, na bolti hukwaruza kidogo ikiwa mpya. Lakini inalenga vizuri kuliko bei yake inavyoashiria. Savage Axis iko jirani, mara nyingi kwa bei ya chini zaidi, na ina uzito wa karibu kilo 3.

*Dola 700 hadi 1,200.* Tikka T3x Lite ya Finland ina takriban kilo 2.9. Kwa uzito haijaishinda Ruger. Unacholipia ni bolti inayoteleza kama imepakwa mafuta, kifyatulio kisichokwama na chuma kilichokamilishwa vyema. Kwa anayependa mbao, Winchester Model 70 Featherweight, jina lililoanza mwaka 1952, ina kilo 3 na kidogo. Ndugu mwepesi wa daraja hili ni Kimber Hunter, yenye kilo 2.5 hivi katika kaliba fupi. Hapa ndipo unapopata wepesi wa kweli bila kuuza ng'ombe.

*Dola 2,000 hadi 2,600.* Kimber Mountain Ascent ina kilo 2.2. Christensen Arms ya Utah inatoa Ridgeline FFT yenye kilo 2.4 hivi, mtutu wake ukiwa wa chuma chembamba kilichofungwa nyuzi za kaboni, na kitako nacho cha kaboni.

*Zaidi ya dola 3,000.* Weatherby ya Sheridan, Wyoming, huunda Backcountry kwa titani na kaboni, kilo 2.2. Njia hii ilifunguliwa miaka ya 1980 na Melvin Forbes wa West Virginia. Aliunda upya mwili wa bunduki mpaka ukawa mwepesi, akauweka kwenye kitako cha Kevlar na grafaiti, na kutoa bunduki ya kilo mbili na robo hivi wakati wenzake wengi wakitoa za kilo tatu na nusu.

Sasa fanya hesabu. Kutoka Ruger ya dola 550 mpaka Ridgeline ya dola 2,500 umeongeza dola 1,950 na kupunguza gramu 400. Kila gramu 100 imekugharimu karibu dola 490.

Gramu za bei nafuu ziko juu ya mtutu

Geukia darubini. Leupold VX-Freedom ya 3-9x40 ina uzito wa takriban gramu 350 na huuzwa kati ya dola 200 na 300. Darubini kubwa ya masafa marefu, mfano Vortex Viper PST ya 5-25x50, ina gramu 880 na bei yake inakaribia dola 900 au kuzidi. Ukichagua ndogo umepunguza zaidi ya nusu kilo na kubakiwa na mamia ya dola mfukoni. Pete nyepesi za alumini zilizoshikana na msingi wake, kama zile za Talley, ni dola 60 hivi, nazo hupunguza gramu 100 na ushei zikilinganishwa na pete na misingi ya chuma.

Ziweke bunduki mbili kwenye mizani. Ya kwanza ni Ruger ya kilo 2.8, darubini ndogo, pete za alumini, mkanda na risasi tano: kilo 3.5, dola 900 kasoro. Ya pili ni Ridgeline ya kilo 2.4, darubini kubwa, pete za chuma, mkanda na risasi zilezile: kilo 3.75, karibu dola 3,500. Bunduki ya bei nafuu imekuwa nyepesi kuliko ya ghali kwa robo kilo. Waswahili husema rahisi ghali. Hapa methali hiyo haifanyi kazi.

Je, darubini ndogo inatosha? Elki wengi hupigwa ndani ya mita 300, na ukuzaji wa mara tisa unatosha na kubaki kwa mnyama mwenye kifua kipana kama mlango wa friji. Anayetaka mita 600 anahitaji darubini kubwa, na anahitaji pia bunduki nzito ya kuibeba. Mambo hayo mawili hayaoani na wepesi tunaouzungumzia.

Wepesi hulipwa kwa bega

Risasi ikitoka mbele, bunduki hurudi nyuma. Msukumo ni uleule iwe bunduki nzito au nyepesi, lakini nguvu ya teke hupanda kadiri uzito unavyoshuka. Ukipunguza robo ya uzito, teke huongezeka kwa theluthi. Hiyo ni fizikia, na hakuna kiwanda kinachoweza kuikwepa kwa kitako kizuri.

Chukua .30-06, kaliba iliyoanza mwaka 1906 na ambayo bado imejaa madukani. Kwenye bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini, teke lake ni takriban jouli 27. Kwenye bunduki ya kilo 2.7 linafika 36. Kwa uzito huo wa kilo 2.7, kaliba nyingine zinasimama hivi:

- 6.5 Creedmoor: jouli 21
- 7mm-08: jouli 23
- .308 Winchester: jouli 28
- .30-06: jouli 36
- .300 Winchester Magnum: jouli 48

Utazame mstari wa mwisho. Bunduki ya .375 H&H ya kilo 4.3, ile ya kuwindia nyati, hupiga teke la jouli 50 hivi. Kijana anayenunua .300 Magnum nyepesi kwa ajili ya elki amejinunulia teke la nyati, kwa mnyama ambaye .308 ingemwangusha. Risasi zake pia ni ghali zaidi. Baada ya risasi sita uwanjani, jicho huanza kufumba kabla ya mlio na kidole hupiga kifyatulio badala ya kukibana. Huko mlimani, woga huo ndio unaozaa mnyama aliyejeruhiwa na kupotea msituni.

Breki ya mdomo wa mtutu hupunguza teke sana, na bunduki nyingi za daraja la dola 2,000 huja nayo. Gharama yake ni masikio. Mlio wa bunduki hizi unapita desibeli 160, na breki huurudisha kwa mpigaji na mwenzake aliye pembeni. Ukiitumia, vizibo vya masikio ni lazima, uwanjani na porini.

Colorado yenyewe haikulazimishi ubebe mzinga. Kanuni zake zinataka kaliba isiyopungua .24, risasi inayopanuka yenye uzito usiopungua greini 85 kwa elki, na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Kaliba zote tano hapo juu zinapita. Mimi ningechagua 7mm-08 au .308 kwa bunduki yoyote iliyo chini ya kilo tatu na robo pamoja na darubini. Creedmoor ningempa mwenye mwili mdogo au anayeanza, ilimradi asipite mita 250 na anunue risasi imara za kuingia ndani.

Inavyokuwa mikononi

Bunduki nyepesi ina tabia ya pili ambayo haionekani dukani. Umepanda dakika kumi, umekaa kitako, moyo unadunda, na kila pigo la moyo linaruka ndani ya darubini. Ngalawa tupu hutikiswa na kila wimbi, yenye shehena hukata maji. Mpiga shabaha mwenye bunduki ya kilo nne anaweza kusamehewa pumzi mbaya. Mwenye kilo 2.7 hasamehewi. Dawa yake ni kulaza bunduki juu ya begi, kuushika mti wake wa mbele kwa nguvu kidogo ili usiruke, na kungoja pumzi itulie.

Mtutu mwembamba nao hupata joto haraka. Risasi tatu za kwanza hukaa pamoja, ya nne na ya tano huanza kutangatanga. Kwa uwindaji si tatizo, kwa sababu ni nadra kuhitaji ya nne. Kwa mazoezi, acha mtutu upoe kabla hujailaumu bunduki.

Dukani fanya jaribio hili, baada ya muuzaji kukuonyesha kuwa bunduki ni tupu. Vaa koti nene utakalovaa msituni. Funga macho, iinue bunduki begani, laza shavu, kisha fungua. Ukiona duara zima la darubini bila kusogeza shingo, kitako kinakufaa. Ukiona nusu mwezi mweusi, ijaribu nyingine, hata kama hiyo ni nyepesi kwa gramu 200.

Makaratasi na gharama zake

Mwenye ukaazi wa kudumu Marekani anaweza kununua bunduki kama raia, baada ya kuchunguzwa rekodi zake. Mwenye viza ya muda huzuiwa na sheria ya shirikisho, ila awe na leseni halali ya uwindaji au aingie kwenye msamaha mwingine. Colorado inataka usubiri siku tatu kabla ya kukabidhiwa, na aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kibali cha elki kwa mkazi ni dola 60 na kitu; kwa mgeni wa jimbo kinapita dola 700. Tofauti hiyo peke yake inazidi bei ya Ruger.

Usiichukue bunduki hiyo ukadhani itakufaa Afrika kwa kila mnyama. Tanzania inadai kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na nyati hupigwa karibu, wakati mwingine chini ya mita 50, ambapo risasi ya pili lazima ifuate upesi. Hapo kilo nne na zaidi zinasaidia, kwa sababu zinameza teke na kurudisha mtutu kwenye shabaha. Kwa swala na tandala, .308 au .30-06 inatosha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko hili si swali.

Uamuzi

Mwenye dola 1,200 kwa yote: Ruger American ya 7mm-08 au .308, darubini ndogo ya 3-9x40, pete za alumini, na dola 300 zinazobaki ziende kwenye pakiti nane hivi za risasi za mazoezi. Mwenye dola 1,800: Tikka T3x Lite ikiwa unathamini bolti na kifyatulio, au Kimber Hunter ikiwa magoti yako yanathamini gramu 400. Mwenye dola 3,500 na ambaye tayari anapiga vizuri kwa bunduki ya kawaida: Ridgeline au Mountain Ascent, kwa kaliba ileile ndogo na darubini ileile ndogo.

Anayefikiria kuruka moja kwa moja kwenye daraja la tatu angoje msimu mmoja. Kwa dola 1,950 za tofauti, mtu hununua zaidi ya pakiti 50 za risasi kwa dola 35 moja, yaani risasi 1,000 za mazoezi. Mwaka ujao, akiwa amezimaliza kwa kupiga akiwa amekaa, amepiga magoti na ameegemea begi, atajua kama bado anaitaka ile ya kaboni.