Mashamba ya Kale Engaruka: Kwa Nini Jiwe Lisiondolewe Mahali Pake

Anayetafuta mawe ya msingi wa nyumba Engaruka, Wilaya ya Monduli mkoani Arusha, haendi mbali. Yametapakaa kila upande, na mengi yamekwisha kupangwa kwa mistari. Mistari hiyo ni mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yaliyolimwa tangu takribani karne ya 15 na kuachwa katika karne ya 18.

Eneo hilo liko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mto wa Mbu. Mvua ni haba, hivyo wakulima wale walichepusha mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza maji kwa mifereji yenye kingo za mawe hadi kwenye majaruba yaliyoenea takribani hekta 2,000. Wenyewe waliishi mteremkoni, katika vijiji saba ambavyo nyumba zake zilikaa juu ya ngazi za ardhi zilizozuiwa kwa kuta za mawe yasiyoungwa kwa chokaa.

La kustaajabisha zaidi limo ndani ya majaruba. Uchimbaji umeonesha kwamba baadhi yake yalijazwa udongo kwa makusudi: maji yenye tope yaliingizwa, kuta zikayatuliza, tope likatuama, kisha ukuta ukainuliwa tena. Udongo huo hawakuukuta, waliutengeneza. Kwa sababu hiyo jiwe linapohamishwa, kinachopotea ni mpangilio unaoonesha maji yaliingilia wapi na ukuta upi ulitangulia. Likishawekwa kwenye msingi wa nyumba mpya, jiwe hilo halimwambii mtafiti lolote.

Louis Leakey, aliyefanya utafiti hapo mwaka 1935, alikadiria wakazi kati ya 30,000 na 40,000. Makadirio ya baadaye ni madogo zaidi kwa mbali, kwani si lazima nyumba zote ziwe zilikaliwa wakati mmoja. Mbegu za mtama zilizoungua na mifupa ya mifugo zimepatikana. Wapo wanaowahusisha wakulima hao na Wairaqw, na wapo wanaowataja Wasonjo, ambao hadi leo humwagilia kwa mifereji. Kuhusu kuondoka kwao, hutajwa kupungua kwa maji, kuchoka kwa ardhi na ujio wa wafugaji; huenda sababu hizo zilishirikiana.

Leo Engaruka inalimwa tena kwa maji ya mto uleule, na hapo ndipo penye ugumu: jembe la sasa na ukuta wa kale vinagombea ardhi moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na magofu haya yamo. Mwananchi anayefukua kigae, mfupa au ukuta wakati wa kulima anashauriwa kusimamisha kazi sehemu hiyo, kuacha kitu kilivyo, na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au maafisa wa mambo ya kale.